Karatasi

Armand wangu alitengeneza karatasi miaka thelathini na mmoja,
karatasi nyeupe, nzito, ya kung'aa,
ile wanayochapishia majarida ya wataalamu.
Vipande vilivyokatwa vibaya alivileta nyumbani,
watoto wakachorea farasi.
Kinu kilinuka yai bovu, na mto vivyo hivyo,
nasi tukasema: hiyo ndiyo harufu ya mshahara.

Kinu kilifungwa Machi, theluji ikingali magotini.
Armand tulimfumba macho Novemba.
Figo.

Kisha wakaja vijana wa chuo kikuu na masanduku ya barafu,
heshima tele, viatu wakavivua mlangoni.
Serikali imetoa milioni mbili na nusu, walisema,
kuchunguza mto, na samaki, na sisi tunaokula samaki.
Nikanyoosha mkono.
Chupa nne za damu, kila moja na kibandiko: 117.
Nikakata na ukucha wa kidole gumba, wakautia kwenye kimfuko.
Kahawa pia niliwapa.
"Matokeo yatachapishwa," alisema yule mwenye miwani.
Kuchapishwa! Neno hilo nililijua.
Paa la nyumba yangu liliezekwa nalo.

Mwaka wa tatu, binti yangu Solange akanipigia: Mama, imetoka.
Tukaketi kwenye kompyuta ya maktaba,
chini ya saa inayochelewa dakika saba.
Kichwa kirefu. Majina kumi na mawili.
Aya moja ya muhtasari, ikakatika pale pale ilipoanza kunihusu.
Chini yake kikufuli kidogo cha kijivu,
na bei: dola thelathini na tisa na nusu
kwa saa ishirini na nne.
Moteli ya barabara kuu, kwa pesa hiyo, hukupa na taulo.

Kuuliza si ujinga.
Kuuliza ni dola thelathini na tisa na nusu.

Nikahesabu kwa vidole, ndivyo nilivyozoea.
Kodi waliikata kwa Armand kila Ijumaa,
wanaikata kwenye pensheni yangu,
wanaikata nikinunua sabuni.
Milioni zile hazikuanguka na theluji.
Mto ni wetu. Damu ni yangu, kovu la sindano hili hapa.
Kuni zangu, chungu changu, moto nimepuliza mimi,
na mlangoni kasimama mtu nisiyemjua
ananiuzia harufu ya mchuzi.

Solange alimwandikia mmoja wa wale kumi na wawili,
Daktari Ingrid Vosburgh.
Jibu likaja usiku wa manane, halina hata salamu:
"Sikulipwa senti kwa kuiandika,
na chuo changu hulipa ili niisome.
Hii hapa. Mniwie radhi."
Kurasa kumi na nne.

Tukazichapa, senti kumi kila moja.
Karatasi nyepesi, ya kutoka ng'ambo;
Armand angeiinua kwenye taa, akaguna.

Sikuelewa yote. Naapa, hata nusu sikuelewa.
Lakini ukurasa wa tisa una jedwali la watu wasio na majina,
na humo nilijikuta:
117, mwanamke, miaka sitini na nane,
samaki mara nne kwa wiki.
Nikaburuta kidole hadi mwisho wa mstari.
Mara sita ya kiwango cha usalama.

Solange alikuwa nyuma yangu, mkono tumboni,
mimba ya miezi mitano.
Jana yake jioni tulikaanga samaki.
Hakuna aliyesema kitu.
Saa ya maktaba ikaendelea kuchelewa.

Nimetoa nakala arobaini.
Nyingine nimeziacha kwa dobi, nyingine kwenye viti vya kanisa,
moja nimeigongomea mlango wa duka la chambo la Gaétan Ouellette.
Akatoka, akauliza kama jambo hili ni halali.
Nikamwambia: ukurasa wa tisa.

Akapapasa mfuko wa shati,
akavaa miwani.